Sosi ya Nyama Choma na Walioipika

Msomaji mpenzi, kama umekulia katika nchi hii, yamkini umeketi zaidi ya mara moja penye mbuzi anayechomwa juu ya makaa, ukangoja. Nyama ilipoiva ilikatwakatwa juu ya ubao, na kando yake pakawekwa chumvi kidogo, kachumbari ya nyanya na kitunguu, na pilipili mbichi kwa mwenye ulimi wa kuistahimili. Hapana aliyeuliza habari ya sosi. Mchomaji ambaye angeulizwa angeweza kudhani kwamba nyama yake imetiliwa shaka. Walakini iko nchi ambayo watu wake, wakikusanyika mbele ya nyama ya kuchoma, jambo la kwanza wanaloshindania ni sosi. Mashindano hayo yamedumu kwa vizazi vingi, yametajirisha baadhi ya watu, na safari moja biashara ya nyama na sosi hiyo ilifikishwa mbele ya mahakama iliyo kubwa kuliko zote katika nchi hiyo. Nchi yenyewe ni Marekani.

Nimesema sosi, wala sikusema mchuzi, kwa makusudi. Mchuzi hupikwa pamoja na nyama sufuriani, na nusu ya ladha yake hutoka katika nyama yenyewe. Sosi ya Wamarekani hutengenezwa mbali na nyama, ikapakwa juu yake motoni au ikamwagiwa mezani. Neno hili limekwisha kuingia katika maduka yetu pamoja na chupa zake, na sioni haja ya kulibunia jingine.

Upikaji wenyewe Wamarekani huuita barbecue. Asili ya neno hilo ni lugha ya Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi, waliokuwa wakiweka nyama na samaki juu ya uchaga wa vijiti uliosimamishwa juu ya moto. Wahispania walipofika huko walilisikia neno, nao katika karne ya 16 wakaliandika barbacoa. Baadaye Waingereza walilichukua hata Virginia na makoloni mengine ya bara, na huko likapata maana mpya: karamu kubwa ya watu wengi, yenye hotuba, vinywaji, na mnyama mzima aliyechomwa taratibu. George Washington, kabla hajawa rais wa kwanza wa nchi hiyo, aliandika katika daftari lake la mwaka 1769 kwamba alikwenda mji wa Alexandria kwenye karamu ya namna hiyo, akalala huko huko. Mwaka 1793, akiwa rais, aliweka jiwe la msingi la jengo la Bunge, na baada ya sherehe ile watu walikula ng'ombe dume wa ratili 500 aliyechomwa kwa ajili yao.

Ukisoma maandishi ya zama hizo, utaona majina ya walioalika na majina ya waliohutubu, na pengine utaona hata uzito wa ng'ombe, kama nilivyokwisha kukutajia. Majina ya wapishi ni adimu sana. Katika majimbo ya kusini kazi hiyo aghalabu ilikuwa ya watumwa, watu weusi ambao wazee wao walichukuliwa kutoka Afrika, na mwandishi wa karamu hakuona sababu ya kuandika jina la mtu ambaye katika sheria alihesabiwa kuwa mali.

Nayo haikuwa kazi ndogo. Ilianza siku moja kabla ya karamu. Handaki refu lilichimbwa ardhini. Kuni za mwaloni na za mti uitwao hickory zilichomwa kando mpaka zikawa makaa, na makaa yakatandazwa chini ya handaki kwa sepetu. Nyama nzima nzima ililazwa juu ya vijiti vibichi vilivyopangwa kukatisha handaki toka ukingo mmoja mpaka wa pili. Moto haukuruhusiwa kuwaka; ulitakiwa ufukute tu. Kwa hiyo nguruwe mzima alihitaji usiku kucha, na watu wa kukesha naye. (Wengi kati ya wasomaji wangu hawaigusi nyama ya nguruwe, nami siwashawishi, lakini huko ndiyo iliyokuwa nyama ya watu wote, kwa kuwa nguruwe aliweza kujilisha msituni bila gharama. Yote nitakayosema juu ya sosi yanafaa kwa mbuzi na kuku vile vile.)

Hapo ndipo sosi ilipopata kazi yake ya kwanza. Nyama inayokaa saa nyingi juu ya makaa hukauka nje kabla ya kuiva ndani, kwa hiyo mpishi alihitaji kitu cha kuilowesha. Maji matupu yangelowesha, lakini hayana ladha. Siki ilikuwa bora zaidi, maana ukali wake huupunguza uzito wa mafuta kinywani. Chumvi ilitiwa ili ikolee, pilipili ili iamshe ulimi, na siagi kidogo ili vyote vishike juu ya nyama visitiririke motoni. Tangu asili, basi, sosi hii ilikuwa chombo cha kazi pamoja na koleo na sepetu, na mahali pake palikuwa penye handaki, usiku, mikononi mwa mtu aliye macho wakati wengine wamelala.

Tunaijuaje habari hii, ikiwa wapishi hawakuandikwa? Tunaijua kwa bahati njema. Kati ya mwaka 1936 na 1938, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, serikali ya Marekani iliwaajiri waandishi wasio na kazi wazunguke nchini na kuandika maneno ya wazee waliozaliwa utumwani. Zaidi ya wazee 2,000 walihojiwa. Mmoja wao alikuwa Wesley Jones wa South Carolina, mzee aliyekuwa amepita miaka 90. Katika ujana wake, kabla ya uhuru, ndiye aliyekuwa akikesha na nyama penye mikutano ya siasa ya wilaya yake. Alimweleza mwandishi sosi yake kitu kwa kitu, kama fundi anavyoeleza kazi yake: siki, pilipili manga na pilipili nyekundu, chumvi, siagi, giligilani, mrehani, kitunguu, kitunguu saumu, na majani makavu ya mmea wa harufu uitwao seji. Aliongeza kwamba wako watu waliotia sukari kidogo. Kisha akaeleza jinsi alivyofunga kitambaa laini au pamba katika ncha ya mti mrefu, akaichovya katika sosi na kuipaka nyama usiku kucha, mpaka sosi ikadondoka katika moto, na moshi uliotoka hapo ukairudia nyama kwa ladha nyingine.

Soma tena orodha hiyo, msomaji. Mtu ambaye hakuruhusiwa kujifunza kusoma aliichukua kichwani kwa zaidi ya miaka 70, naye hakusahau hata giligilani. Uilinganishe na kitabu cha Mary Randolph, bibi wa tabaka la juu la Virginia, The Virginia House-Wife, kilichochapishwa mwaka 1824. Humo yamo maelekezo ya kupika mtoto wa nguruwe kwa namna ya barbecue, pamoja na kitunguu saumu, divai nyekundu na kechapu, ambayo katika siku hizo iliweza kutengenezwa kwa uyoga. Ni kitabu kizuri, na kimewafaa sana wenye kuchunguza historia ya chakula. Lakini jikoni kwa mabibi wa namna hiyo waliosimama mbele ya moto walikuwa watumwa, na jina lililo juu ya jalada ni moja tu.

Kabla sijaendelea, hebu tuitazame ile pilipili, kwa kuwa inatuhusu. Pilipili kali ni mmea wa bara la Amerika, na hapana mtu wa Afrika, Asia wala Ulaya aliyepata kuionja kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Baadaye Wareno waliieneza katika bandari walizozifikia, na pwani yetu ni mojawapo. Hata hivyo jina tunaloliita halikutoka Amerika. Ni neno la kale lililofika kutoka India, ambako lilitumika kwa pilipili za jamii ya ile tunayoiita manga. Watu wa pwani, basi, walikuwa na jina tayari, tunda jipya lilipofika wakalivika jina hilo. Kisha Wareno wa Msumbiji wakalichukua tena neno kutoka kwetu, wakalitamka piri-piri, na leo sosi ya kuku yenye jina hilo inauzwa hata London. Nikiwa na muda mwingine ningeliifuata sosi hiyo mpaka mwisho. Lakini tumeanza safari ya Marekani, na tusiiache njiani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865 na utumwa ukafutwa, ustadi wa kuchoma nyama ulikuwa miongoni mwa vitu vichache ambavyo watu walioachwa huru walitoka navyo mikononi. Hawakupewa mashamba, wala fedha. Wengine walichoma nyama kwa malipo katika karamu za wakubwa wao wa zamani, wengine wakauza kando ya barabara siku za Jumamosi. Wazungu maskini wa majimbo yale nao walikuwa na ustadi wao, kila upande ukajifunza kwa mwenzake, na katika kila wilaya sosi ilishika desturi ya mahali pake.

Mashariki ya jimbo la North Carolina mpaka leo sosi ni siki, chumvi na pilipili, na nyanya haikaribishwi. Ukienda magharibi ukafika mji wa Lexington, katika jimbo hilo hilo, utakuta siki imetiwa kechapu na sukari kidogo. Mgeni huona kwamba hiyo ni tofauti ndogo; wenyeji huibishania kwa ukali ambao sisi tumeuweka kwa ajili ya kandanda. Katika South Carolina wako wapendao sosi ya manjano ya haradali, ambayo husemwa kuwa ni urithi wa walowezi wa Kijerumani. Na katika mji wa Decatur, jimbo la Alabama, Bob Gibson alianzisha mwaka 1925 sosi nyeupe ya mayonezi na siki, ya kuchovyea kuku. Nimewahi kuitengeneza. Rangi yake haitamanishi, lakini kuku hakubaki.

Sasa twende Kansas City, na hapa nitakaa kidogo. Mji huu uko mahali Mto Kansas unapoingia katika Mto Missouri, na katika zama za reli ulikuwa mmoja wa miji mikubwa ya biashara ya mifugo Marekani. Ng'ombe walifika kwa maelfu, wakachinjwa, na nyama ikasafirishwa. Vipande visivyopendwa na matajiri, kama mbavu na kidari, viliuzwa kwa bei ndogo; navyo ndivyo vipande vinavyokubali kupikwa polepole. Mwaka 1907 alifika hapo mtu mweusi jina lake Henry Perry, aliyezaliwa karibu na Memphis, Tennessee, ambaye alikuwa amefanya kazi katika majiko ya merikebu za mitoni. Mwaka uliofuata alianza kuuza nyama ya kuchoma katika kibanda kilichokuwa katika kichochoro cha mtaa wa viwanda vya nguo. Nyama ilifungwa katika karatasi za magazeti, na bei ilikuwa senti 25. Zaidi ya ng'ombe aliuza hata nyama za wanyama wa porini wa huko. Wateja wake walikuwa weusi kwa weupe, jambo ambalo katika miaka ile halikuwa la kawaida, na mji ukampa jina la mfalme wa barbecue.

Sosi ya Perry haikuwa tamu. Wote walioitaja wanasema ilikuwa kali kwa pilipili, na kwamba yeye hakuona haya kwa ukali huo. Aliwafundisha kazi vijana kadhaa, na mmoja wao, Charlie Bryant, ndiye aliyeishika biashara Perry alipofariki mwaka 1940. Mwaka 1946 ikamwangukia ndugu yake, Arthur Bryant. Arthur aliupunguza ukali wa sosi ili watu waifurahie zaidi, lakini aliiacha iwe na siki nyingi na chembechembe za viungo, na mitungi mikubwa ya kioo iliyojaa sosi hiyo ikawekwa dirishani ili mpita njia aione. Mwanafunzi mwingine wa Perry, Arthur Pinkard, alifanya kazi kwa jamaa ya Gates, na kutoka kwake nyumba ya pili iliyo mashuhuri katika mji huo ikapata ujuzi wake. Rais Truman, ambaye kwao ni karibu na mji huo, alikula kwa Bryant. Mwandishi Calvin Trillin, mzaliwa wa Kansas City, aliandika katika miaka ya 1970 kwamba mkahawa wa Bryant ni bora kuliko mikahawa yote duniani. Alikuwa akifanya mzaha, lakini si mzaha mtupu, na baada ya maneno hayo foleni mlangoni ilirefuka.

Ukiwauliza Wamarekani wa majimbo mengine leo sosi ya Kansas City ni ipi, wengi watakuambia ni ile nzito, nyekundu inayoelekea weusi, na tamu sana. Utashangaa, kwa kuwa nimekwisha kukuambia kwamba ya Perry haikuwa hivyo. Mabadiliko hayo yaliletwa na chupa.

Chupa ina habari zake. Mwaka 1909, huko Atlanta, Georgia Barbecue Sauce Company ilitangaza gazetini sosi iliyotengenezwa tayari, nayo huhesabiwa kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa. Kampuni ya Heinz, iliyokuwa ikiuza kechapu ya nyanya tangu mwaka 1876, iliingia katika biashara hiyo katika miaka ya 1940. Baada ya Vita Kuu ya Pili mamilioni ya watu walihamia katika nyumba mpya za kando ya miji, zenye nyasi nyuma ya nyumba. Mwaka 1952 George Stephen wa karibu na Chicago alibuni jiko la makaa la mviringo lenye kifuniko, lililoitwa Weber. Baba wa nyumba aliyetoka kazini hakuwa na handaki, wala hakuwa na usiku wa kukesha; alikuwa na kuku, na saa moja. Sosi nyepesi ya siki inahitaji saa nyingi ili ifanye kazi yake, na kwa mtu huyo ilikuwa haina faida. Alitaka sosi nzito, yenye kushika juu ya nyama mara moja na kuleta yenyewe ladha ambayo moshi haukupata nafasi ya kuitia. Viwanda vilimpa alichotaka. Vilitia kechapu, sukari na molasi, na hata moshi uliogeuzwa kuwa maji ukatiwa ndani ya chupa.

Mwaka 1977 Rich Davis, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto aliyekuwa akiishi Kansas City, alianza kuuza sosi aliyoibuni jikoni kwake. Kwanza aliiita K.C. Soul Style Barbecue Sauce, na baadaye KC Masterpiece. Neno soul wakati ule lilitumiwa kwa muziki na chakula cha watu weusi wa Marekani, na Davis alikuwa mzungu. Mimi simlaumu kwa kubuni sosi. Ni halali ya kila mtu, na alijitahidi sana kuiuza duka baada ya duka. Nasema tu kwamba neno lile lilijua ni nani aliyekuwa na sifa ya kupika. Mwaka 1986 sosi hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Kingsford, wauzaji wa makaa, iliyo mali ya kampuni kubwa ya Clorox. Ikaenea nchi nzima, na jina la mji likaenea pamoja nayo, mpaka utamu wake ukadhaniwa kuwa ndio utamu wa Kansas City tangu zamani.

Chukua chupa ya sosi ya Marekani, ikiwa duka la karibu nawe linayo, usome maandishi ya nyuma. Kwa sheria ya nchi hiyo, kitu kilicho kingi kwa uzito hutajwa kwanza. Katika chupa nyingi utakuta kinachotajwa kwanza ni sukari au shira ya mahindi. Jambo hili si la ladha tu, ni la moto pia: sukari huungua upesi ikawa chungu, kwa hiyo sosi ya chupa ikipakwa mapema nyama huwa nyeusi nje na mbichi ndani. Wengi hulilaumu jiko. Ipake dakika 10 za mwisho tu. Siki na chumvi havina hatari hiyo, ndiyo maana Wesley Jones aliweza kuipaka sosi yake usiku kucha.

Imebaki habari ya mahakama. Katika South Carolina alikuwako mfanya biashara aitwaye Maurice Bessinger, mwenye mikahawa ya Piggie Park, aliyejulikana kwa nyama ya kuchoma na sosi ya manjano ya haradali. Mwezi wa Julai mwaka 1964 Rais Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Raia, iliyokataza ubaguzi wa rangi katika mikahawa na hoteli. Mwaka huo huo Anne Newman, mwanamke mweusi wa mji wa Columbia, alikwenda Piggie Park kununua chakula, akakataliwa kuhudumiwa kama wateja wengine. Yeye na wenzake wawili walikwenda mahakamani, na mmoja wa mawakili wao alikuwa Matthew Perry, mtu mweusi aliyekuja kuwa jaji.

Mawakili wa Bessinger walikuwa na hoja za namna nyingi. Walisema kwamba wateja wake wengi huchukua chakula katika magari yao na kwenda kukila penginepo, basi hapo si mahali pa kulia chakula kwa maana ya sheria. Walisema pia kwamba sheria yenyewe inapingana na mapenzi ya Mungu. Jaji wa kwanza aliikubali hoja ya magari. Mahakama ya rufani iliikataa. Mwaka 1968 shauri lilifika Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, lililobaki likiwa ni gharama tu: je, walioshinda walipwe ada ya mawakili wao? Majaji wakasema kwamba kwa kawaida walipwe, kwa kuwa mtu anayedai haki ya namna hii haidai kwa ajili yake peke yake, na kama hatalipwa ni wachache watakaoweza kudai. Hoja ya mapenzi ya Mungu waliiona kuwa haina uzito wowote. Uamuzi huo umetajwa katika mashauri mengi tangu wakati huo, na wanafunzi wa sheria wa Marekani hulijua jina la Piggie Park hata kama hawajapata kuionja sosi yake.

Bessinger aliendelea na biashara, na sosi yake ikaingia katika chupa na katika maduka makubwa ya majimbo mengi. Mwaka 2000 bendera ya majimbo yaliyopigania utumwa iliteremshwa kutoka juu ya kuba la Bunge la South Carolina. Bessinger akaipandisha juu ya mikahawa yake. Ndipo maduka makubwa, Walmart likiwa mojawapo, yakaiondoa sosi yake rafuni. Alifariki mwaka 2014. Wanawe walikuwa wamekwisha kuishika biashara na kuziteremsha bendera.

Nimeifikiria sana habari hiyo. Desturi ya kuchoma nyama namna ile kwa sehemu kubwa ilijengwa katika jimbo lile na mikono ya watu kama Wesley Jones. Na miaka isiyofika 30 baada ya mzee huyo kuhojiwa, mjukuu wa watu wa namna yake alikatazwa kukaa na kula nyama ile, naye akahitaji mahakama tatu ili akubaliwe. Mtu akikuambia kwamba historia ya chakula ni mambo ya jikoni tu, msimulie hayo.

Bila shaka utapenda kuionja sosi yenyewe, nami nakushauri uanze na ile ya siki, ambayo naipenda kuliko zote na haina gharama. Chukua vikombe viwili vya siki, vijiko viwili vidogo vya chumvi, kimoja cha pilipili manga iliyosagwa, kimoja cha pilipili kavu nyekundu iliyopondwa, na kimoja cha sukari. Siki ya madukani kwetu mara nyingi ni kali mno. Ikiwa hivyo, badili nusu kikombe kwa maji. Kama siki haipatikani, loweka ukwaju katika maji ya moto, uuchuje, utumie maji yake. Usidhani kwamba huo ni ugeni katika sosi ya Marekani. Wamarekani wengi hutia ndani ya sosi zao matone ya sosi ya Kiingereza ya Worcestershire, iliyouzwa na Lea na Perrins tangu mwaka 1837, na ndani ya hiyo mna ukwaju. Mti wenyewe asili yake ni Afrika, ingawa Waarabu waliuita tende ya India, na Wazungu wakalifuata jina la Waarabu.

Tia vyote katika chupa yenye kifuniko, uitikise, uiache mpaka kesho, kwa kuwa pilipili huhitaji muda kutoa ukali wake. Siku ya pili washa makaa, uyangoje yafunikwe na majivu, kisha uyasukume upande mmoja wa jiko. Mguu wa mbuzi uuweke upande wa pili, usio na makaa chini yake. Funga kitambaa safi katika ncha ya kijiti, uchovye, upake. Baada ya robo saa geuza nyama, upake tena. Fanya hivyo kwa saa tatu au nne. Sosi ikianza kudondoka juu ya makaa na moshi wenye harufu ya siki ukapanda, usiyamwagie makaa maji. Uache moshi huo uifikie nyama.